Nambari Kumi na Tisa

Macho hayana pazia, basi nilitazama.
Miaka kumi na mmoja, kila Machi, kila Septemba,
nilishuka tramu penye kona ya duka la mikate
na mkoba wangu wa nyundo na funguo za nyuzi,
nikabonyeza kengele ya nambari kumi na tisa,
na Bi Filomena Zanardi akafungua akilalama:
"Umechelewa. Kinanda kimeshaanza kununa."

Kazi yangu ni kusikiliza.
Nimezisikiliza nyumba nyingi za Melbourne.
Zile mpya, za zege na kioo, hazina la kusema;
unapiga noti, inagonga ukuta, inafia hapo hapo.
Hii iliishika sauti kinywani
kama mpishi aonjaye mchuzi,
ikaipitisha ukumbini,
ikaipandisha hadi dari ya bati lenye maua,
kisha ikanirudishia, ina joto.

Sakafu iliinamia mashariki.
Mwaka wa kwanza nilisukuma chini ya mguu wa piano
gazeti la mbio za farasi, nimelikunja mara sita,
na kila nilipokuja nililichungulia kwanza.
Lipo.
Sina kingine katika ardhi ya mji huu.

Nisiseme uongo, kasoro zake nilizijua.
Bomba la bafu lilikohoa kizee.
Mlango ulikuwa na vioo vyekundu na kijani,
na kimoja cheupe, cha kawaida tu,
pale mpira wa Carmelo ulipopita akiwa na miaka tisa.
Uani mlimau ulizaa bila aibu.
Bi Filomena alinijazia mfuko,
nami nikaupeleka kwetu, juu ya duka la matairi,
Bronwen akayapanga malimau dirishani,
tukalala tukinusa mtaa wa wenyewe.

Usiku mmoja tulipiga hesabu nyuma ya bahasha.
Bronwen ni muuguzi, hesabu zake hazina huruma:
akajumlisha mishahara, akatoa kodi,
akatoa meno ya mtoto,
akasema, "Tukiacha chai na sukari,
tutaipata nikiwa na miaka mia na nane."
Tukacheka.
Kisha tukanyamaza, kila mtu na upande wake wa kitanda.

Lakini mimi nilikwisha hamia, kwa siri.
Nilijua redio ningeiweka wapi,
ngazi ya nne ningeiruka ili isiamshe watu,
ufa wa jikoni ningeuziba lini
(nisingeuziba).

Agosti Bi Filomena akafa, usingizini, chumba cha mbele.
Septemba wakaleta mnada.

Huku nyumba huuzwa Jumamosi, barabarani, mchana kweupe:
mtu wa tai ya buluu husimama ukingoni na kupaza sauti,
majirani hutoka na mbwa na vikombe vya kahawa.
Walianza na milioni, kama wengine waanzavyo na hujambo.
Kijana wa kaptula aliinua kidole, simu sikioni.
Mama mmoja akainamisha kidevu.
Tramu haijamaliza kukata kona,
bei imepanda kwa jasho langu la miaka minne.
Nilibana mikono kwapani
nisije nikakuna pua nikauziwa.

Karatasi ikapigwa kiganjani. Imeuzwa.
Sauti fupi, kavu, haina noti.

Carmelo akanijia, mvi zimemjaa,
akasema wanunuzi hawautaki ule mzigo,
kama nautaka niuchukue bure.
Nikazifikiria ngazi zetu, zile za chuma, za kupita mtu na kivuli chake.
Nikaomba nusu saa.

Ndani hapakuwa na zulia wala viti
na nyumba ilisikia zaidi kuliko siku zote.
Noti ya la ilikuwa imeshuka, unywele tu.
Nikaipandisha. Nani alikuwa anangoja? Sijui.
Nikachungulia chini ya mguu.
Lipo.

"Imekwenda kwa ngapi?" Bronwen aliuliza.
Nikamwambia.
Akachukua limau la mwisho dirishani, limeanza kusinyaa,
akalikata mara mbili,
akabandika maji.